Jini Aliyelima Shamba la Dadi

Mimi Venanti mwana wa Bazilio nimekuwa mjinga mara nyingi maishani, lakini mara nyingi nilijitahidi niwe mjinga nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Hii moja ilikuwa hadharani. Watu wa kijiji chetu bado wanaisimulia kwenye matanga, pale kilio kinapopoa na watu wanatafuta cha kuwachekesha. Najua hata kwenye matanga yangu wataisimulia, na sitakuwapo kuwasahihisha. Basi afadhali niiseme mwenyewe sasa hivi, maana Dadi muuza duka akiisimulia huongeza chumvi.

Kazi yangu ni nyuki. Baba alichonga mizinga, nami nachonga mizinga, na asali yetu ilifika Kibondo na Kasulu mjini kabla mimi mwenyewe sijafika huko. Mtu wa nyuki hushinda msituni peke yake, hana wa kuzungumza naye, na maneno yanamjaa. Nikirudi kijijini yalikuwa yanamwagika. Nilikuwa na maoni kuhusu mvua, kuhusu ndoa za watu, kuhusu tumbaku ambayo sijawahi kulima. Mke wangu Maximilla alikuwa akisema nyuki hawaniumi kwa sababu wanaogopa nitaanza kuwaeleza jambo.

Wakati ninaousema, katikati ya miaka ya sabini, tulikuwa tumeshahamishwa kutoka kwenye vilima vyetu na kuwekwa katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Mashamba yakapimwa kwa kamba na vigingi, kila kaya ikapewa kipande chake. Mtu aliyezoea kulijua shamba lake kwa mgomba alioupanda babu yake, sasa ilimbidi ahesabu vigingi.

Kisha tukapata zahanati. Kusema kweli tuliijenga sisi, matofali tulifyatua sisi. Serikali ilileta mabati, dawa, na kijana mmoja aliyeitwa Hilali, mtoto wa mwenye duka wa Kasulu mjini, aliyesomea uganga wa hospitali. Sisi tulimwita Daktari, naye alichoka kutukataza. Mwenyekiti wetu Sylvesta akaitisha mkutano kutangaza kwamba matibabu yatakuwa bure kwa kila mtu: mkulima, mfugaji, kikongwe, mtoto, hata wakimbizi waliotoka Burundi juzi wakajenga vibanda ng'ambo ya mto. Hakuna kutoa kitu. Serikali italipa.

Nikasimama. Hakuna aliyeshangaa.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "hiyo serikali itakayolipa, inapata wapi?"

"Kwetu wenyewe, Ndugu Venanti. Kwa jasho letu."

"Kumbe si bure. Ni kwamba tunalipa bila kuonyeshwa."

Watu wakacheka, na mimi kicheko cha watu kilikuwa kinanilevya haraka kuliko pombe ya ndizi. Nikaendelea. Nikawakumbusha jambo ambalo kila Muha analijua tangu utotoni: dawa hailiwi bure. Ukienda kwa mfumu, yaani mganga wetu wa kienyeji, kabla hajafungua mkoba wake lazima kitu kitoke mkononi mwako. Awe jogoo, liwe jembe, hata ushanga. Si kwa sababu mfumu ana njaa, ingawa wengi niliowajua walikuwa nayo. Ni kwa sababu dawa isiyotolewa kitu haishiki. Inaingia mwilini na kutoka, haikai. Na kitu chenyewe kitoke mkononi mwa mgonjwa, si kwa mjomba wala kwa jirani. Sasa hii dawa ya serikali, nikauliza, itatushikaje?

Sylvesta alikuwa mtu mpole. "Na maskini asiye na jogoo, Ndugu Venanti, afe?"

"Hakuna maskini asiye na jogoo," nikajibu. "Kuna mvivu asiye na jogoo."

Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia kilabuni, kisimani, hata msituni nikiwa peke yangu. Mkutano uliisha zahanati ikiwa bure vilevile, maana wa kuamua hatukuwa sisi, lakini mshindi wa siku nilikuwa mimi, na watu walianza kukiangalia kile kibao cha "Zahanati" kwa wasiwasi.

Haukupita muda mrefu nikajikata mguu kwa shoka nikichonga mzinga. Jeraha likageuka donda, donda likageuka donda ndugu, lile linalokula nyama polepole na kumtangulia mtu kwa harufu. Nikaenda kwa mfumu wa kijiji cha Titye na jogoo mzuri. Donda likakua. Nikapeleka jembe jipya. Likakua zaidi. Kwa mujibu wa hoja zangu mwenyewe, donda lile lilikuwa limelipiwa vizuri kuliko donda lolote wilayani, na bado halikusikia.

Maximilla akahamishia kitanda chake upande wa jikoni. "Nenda kwa Daktari," akasema. "Au nenda msituni ukalale na nyuki wako, kama watakubali."

Nikaenda zahanati kwa njia ya nyuma ili nisionekane. Kijiji chetu kilikuwa kimejengwa kwa mistari, hakuna njia ya nyuma, wote waliniona. Hilali aliliosha donda kwa maji ya chumvi, akalifunga, akanichoma sindano ya penisilini kwenye tako, akasema nirudi kila siku mpaka atakaponiambia basi. Nikamtolea kibuyu cha asali nilichokuja nacho.

"Hapana, mzee wangu," akasema. "Mimi ni mwanachama wa TANU. Nimeapa kwamba rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa."

"Si rushwa, mwanangu. Ni ya kufungulia mkoba."

"Mkoba wangu haufungwi, mzee. Rudi nayo nyumbani."

Nilirudi nyumbani nimefadhaika. Tako linaniuma, dawa imeshaingia, na nilijua kabisa haitashika. Nikakaa nikawaza, na katika kuwaza nikakumbuka kwamba Hilali naye alipewa kipande cha shamba kama wakazi wengine, na kwamba kutwa yumo na wagonjwa, hana muda wa kushika jembe. Lile shamba lilikuwa limemezwa na magugu. Nikajisifu kwa akili zangu. Mtu asiyepokea kwa mkono atapokea kwa ardhi.

Basi kila alfajiri, ukungu wetu wa milimani ukiwa bado mzito, nilichukua jembe nikachechemea hadi mashambani. Nilikata kona kwenye kichuguu, nikahesabu vigingi kwa kupapasa, nikalima. Jua likichomoza nilikuwa nimeshanawa, nimekaa kwenye benchi la zahanati kama mtu aliyetoka kitandani. Nikachomwa sindano. Kesho yake tena. Donda likaanza kukauka pembeni, kisha likaanza kufumba. Nilikuwa naitazama sindano, halafu nalitazama jembe, na nilijua ni kipi kati ya hivyo kinachotibu.

Lilipofunga kabisa nilienda kilabuni, nikapandisha suruali mbele ya watu. "Mnaliona kovu hili?" nikawauliza. "Dawa ni ya serikali, lakini mimi nililipa. Msiniulize nililipaje. Nililipa kwa njia ninayoijua mwenyewe."

Hoja unaweza kuipinga, lakini kovu unalipingaje? Kabla wiki haijaisha Hilali akaanza kukuta kuku wamefungwa kwenye nguzo ya mlango wake asubuhi. Kuku, mikungu ya ndizi, maharage kwenye vikapu. Hakujua ni vya nani, maana hakuna aliyejitaja. Dawa haitaki kutajwa, inataka kitu kitoke mkononi. Akavibeba vyote mpaka ofisi ya kijiji. Ofisi ya kijiji haikuwa na sheria juu ya kuku wasio na mwenyewe, kwa hiyo kamati ikawala. Watu walipoona kuku wao hawarudi, wakaridhika kwamba wamepokelewa. Wakawa wanakaa kwenye benchi la zahanati wamenyoosha migongo, watu waliokamilisha mambo yao. Hilali alihutubia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa napita pale bila shughuli yoyote, nakohoa kidogo ili wanione, nasalimia mkono juu.

Siku moja Maximilla akaniambia, "Dada yako hajaonekana kisimani."

Dada yangu Immakulata ni mkubwa kwangu. Mama yetu alipofariki nilikuwa bado natambaa, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanitafunia chakula, akanifundisha kusema, jambo ambalo watu wengi wamemlaumu nalo. Aliolewa kijiji cha Muyama, mumewe akafa hukohuko, naye akarudi kwetu na mkeka na chungu. Nilimkuta amelala karibu na moto. Alikuwa amekonda hadi nikaona aibu kumtazama. Alikohoa, akatema kwenye majivu, akayafukia haraka, lakini niliiona damu.

"Mwakeye, dada."

"Mwakeye, Venanti."

"Unakohoa hivi tangu lini? Kwa nini hukwenda zahanati?"

"Niende na nini?" akasema. "Sina jogoo. Nguvu ya kushika jembe nipate cha kutoa sina."

"Nitakutolea mimi. Nitaleta majogoo hata sasa hivi."

"Jogoo wako atakuponya wewe. Si ulisema mwenyewe, kitoke mkononi mwa mgonjwa?" Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa ananinukuu kwa heshima. "Mimi sitaki kwenda kukaa pale na mikono mitupu watu wakaniona mvivu, halafu nipewe dawa isiyoshika, nife vilevile."

Nikamleta Hilali nyumbani kwake. Akamsikiliza kifua, akanitoa nje. "Ni kifua kikuu, mzee wangu. Kinatibika. Sindano zipo, vidonge vipo, lakini ni matibabu ya muda mrefu na lazima afuate. Akikaa hivi hataona mavuno." Akamwachia vidonge. Immakulata alivipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi ya shukrani kama desturi yetu inavyotaka, na tulipotoka akavisukuma chini ya mkeka. Nilivikuta hapo jioni, vyote.

Nilikaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaogopa. Nilikuwa sijaogopa hivyo tangu nizaliwe, maana mama alipokufa sikuwa na akili ya kuogopa. Nikarudi ndani nikaanza kumshawishi. Nilimwambia malipo si kitu, nilimwambia dawa inafanya kazi kwa yeyote, nilimwambia yale niliyosema mkutanoni yalikuwa ya kuchekesha watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na donda lako?" akauliza. "Lilipona kabla hujalipa au baada?"

Nilikuwa nimeushinda ule mjadala vizuri mno, hata mimi mwenyewe sikuweza kuuvunja.

Kesho yake nikaenda duka la ushirika kumnunulia sukari. Muuzaji alikuwa Dadi, naye mtu wa Kasulu mjini lakini si ndugu wa Daktari, ambaye wazee wake walitoka pwani wakapitia Ujiji, mtu wa tasbihi, kanzu safi, na chuki ya wazi dhidi ya jembe. Aliponiona akafunga nusu ya mlango, akanivuta nyuma ya magunia ya chumvi.

"Bwana Venanti, wewe ni mtu wa msituni, mambo haya unayajua," akanong'ona. "Mimi nina jini."

"Wapi?"

"Shambani. Ananilimia."

Akanieleza. Kipande alichopewa na kijiji alikiacha kiote magugu, kwa sababu yeye na ardhi hawajawahi kuelewana. Siku moja akapita akakuta pembeni pamelimwa. Kesho yake pamelimwa zaidi. Hakumwambia mtu, maana majini hawapendi kutangazwa. Alichoma ubani, akasoma dua. Bwana shamba alikuja kukagua akamsifu mbele ya watu kuwa mkulima wa mfano, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Lakini sasa jini ameacha. Magugu yanarudi. Dadi alidhani amemuudhi kwa jambo fulani, na alitaka asali nzuri ya sadaka ili ambembeleze arudi.

Nikamkatiza. "Shamba lako ni lipi, Bwana Dadi?"

"La kulia, ukishapita kichuguu."

"Si la Daktari lile?"

"La Daktari ni la kushoto. Lile lenye magugu mpaka kiunoni. Yule kijana hajapata jini."

Nikakaa juu ya gunia la chumvi. Asubuhi zote zile. Ukungu wote ule, na mguu unavuja usaha. Nilikuwa nimemlimia muuza duka mwenye afya njema, asiyenitibu chochote, mpaka akapewa sifa na bwana shamba. Nilitaka ardhi ifunguke inimeze, lakini nilivyokuwa na bahati, ingefunguka upande wa kushoto.

Kisha, nikiwa bado nimekaa pale, jambo jingine likanijia polepole. Daktari hakupata kitu. Hakupata asali, hakupata jembe langu, hakupata hata shukrani ya maana. Na donda limepona. Limepona bure kabisa.

Nilikimbia hadi kwa Immakulata bila sukari. Nilimweleza yote, nikimwonyesha kovu, kichuguu, kulia na kushoto. Akanitazama kwa huruma.

"Unanidanganya ili ninywe vidonge," akasema. "Wewe tangu mtoto unaweza kusema lolote."

"Ni kweli tupu, dada."

"Kama ni kweli, kaseme mkutanoni, Dadi akiwepo. Mtu hajiaibishi hivyo kwa uongo. Hasa wewe."

Sitawaficha, nilitafuta njia nyingine. Nilipitisha siku nzima nikitafuta. Lakini kila nilipopata moja nilikumbuka kile kikohozi.

Mkutano ulipokaa, nilimwona amefika, amejifunika blanketi, ameegemea ukuta wa ofisi. Nikaomba nafasi. Sylvesta akashusha pumzi, akanipa. Nikasema. Sikuongeza nakshi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nilisema mimi Venanti, niliyewaambia kwamba dawa isiyolipiwa haishiki, nililipa kwa kulima shamba la Daktari alfajiri, na shamba nililolima halikuwa la Daktari, lilikuwa la Dadi.

Dadi akasimama taratibu, uso umemshuka.

"Kwa hiyo si jini?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe," akasema kwa uchungu wa kweli, "uliyeng'oa miche yangu ya mihogo pale kona, ukaipanda tena kichwa chini."

"Kulikuwa na ukungu, Bwana Dadi."

Hapo ndipo walipoelewa kwamba ni kweli, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Sylvesta alishika meza kwa mikono miwili. Wanawake walikalia miguu yao wakifuta machozi. Mtu mmoja nyuma akauliza kama naweza kuugua tena, maana yeye ana ekari nzima ya mahindi. Mwingine akaniita Jini, na jina hilo ninalo mpaka leo; wajukuu wangu wanaitwa wajukuu wa Jini shuleni. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Immakulata alicheka ndani ya blanketi, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamkimbilia. Alipopata pumzi akanishika mkono.

"Kesho nipeleke," akasema.

Dada yangu alipona. Naitanguliza habari hiyo ili msikae na wasiwasi. Ilichukua muda mrefu, kifua chake hakikurudi kama zamani, lakini alipona, akalima, akaendelea kunikatiza maneno mbele za watu kwa miaka mingi.

Ninachotaka kusema ni cha asubuhi ile nilipompeleka. Tulikwenda polepole, ameniegemea bega, hana kitu mkononi. Tulipokata kona ya ofisi nikadhani kuna msiba, kwa watu waliokuwapo mbele ya zahanati. Benchi lilikuwa limejaa, na wengine walikaa chini ukutani hadi kwenye mwembe wa mwalimu wa shule. Hakuna aliyekuwa na kuku. Kulikuwa na mzee Kipriani, anayeninolea mashoka, macho yake yamevimba na kufunga. Kulikuwa na mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mtoto wake mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu. Kulikuwa na Niyitegeka, mkimbizi wa ng'ambo ya mto, mguu umefungwa kwa gome la mgomba, na donda lake lilikuwa baya kuliko langu. Watu wote hao nilikuwa napishana nao kila siku ya Mungu, nikipunga mkono, nikipita.

Walikuwa wanaumwa muda wote huo. Walikaa majumbani kwao kwa sababu hawakuwa na jogoo, na kwa sababu yangu.

Hawakunicheka. Niyitegeka alijisogeza kwenye benchi, akampisha dada yangu akae. Nilitaka kusema neno la kuwachangamsha, nikalitafuta, nikaona sina. Basi nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja, nikawauliza hali zao, na safari hii nikangoja wanijibu.